Kusimamia vipaji ili timu iwazidi wapinzani: mwongozo kamili kwa viongozi wa klabu

Kila dirisha la usajili likifungwa, hadithi ni ileile. Klabu imeingiza wachezaji kumi, kila mmoja ametambulishwa kwa picha na shangwe, na msimu ukifika katikati ni watatu tu wanaocheza. Kocha anafukuzwa. Kocha mpya anasema hawa si wachezaji wa aina yake, anaomba wengine kumi. Fedha imekwenda na timu iko palepale.

Klabu tajiri hufanya kosa hili, na zisizo na kitu hulifanya pia. Viongozi huanza na jina la mchezaji, kisha ndipo wanatafuta pa kumweka. Mwongozo huu unaugeuza mpangilio huo: kwanza namna ya kucheza, pili nafasi, na jina linakuja baadaye kabisa.

Mifano mingi hapa ni ya soka, lakini hatua zinafaa pia mpira wa kikapu, raga na mchezo wowote wenye mikataba na msimu mrefu. Usitarajie matunda kwa dirisha moja. Jipe misimu miwili au mitatu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mtu mmoja mwenye mamlaka ya usajili ambaye haondoki na kocha. Muite mkurugenzi wa ufundi au mkurugenzi wa michezo. Bila yeye, kila kocha mpya anaanza upya.
- Jedwali la kikosi: jina, tarehe ya kuzaliwa, nafasi, mwisho wa mkataba, mshahara, dakika alizocheza na siku alizokosa kwa majeraha.
- Bajeti ya miaka mitatu, mishahara ikiwa imetengwa na ada za uhamisho.
- Video za mechi nzima. Vipande vya mabao vinavyotumwa na mawakala havitoshi.
- Daktari, mtaalamu wa fiziotherapia na mtu wa kupima uzito wa mazoezi, yaani kiasi cha kazi ambayo mwili wa mchezaji umefanya. Anaweza kuwa mtu mmoja mwenye kazi mbili, ila kazi zote tatu ziwe na mwenyewe.
- Mwanasheria au katibu anayezijua kanuni za uhamisho.
- Daftari la maamuzi. Kila usajili na kila mauzo yaandikwe sababu zake siku yenyewe. Matumizi yake utayaona kwenye hatua ya mwisho.

Ukikosa cha kwanza katika orodha hii, tafuta hicho kabla ya kuendelea. Vingine vinaweza kuja polepole.

## Hatua ya 1: Andika namna mnavyocheza

Chukua karatasi moja. Andika timu yenu inafanya nini ikiwa na mpira, inafanya nini ikiupoteza, na inategemea nini kupata mabao. Mnakabia juu au mnarudi nyuma kusubiri? Mashambulizi yanaanzia kwa kipa au mnapiga mipira mirefu? Karatasi moja inatosha, na iwe kwa maneno ambayo skauti na kocha wa vijana wanaelewa sawasawa.

Sababu ni hii: mchezaji "mzuri" hayupo mpaka ujue kazi utakayompa. Beki mwenye nguvu lakini mzito anaweza kuwa nguzo ya timu inayokaba karibu na lango lake, na akawa mzigo kwa timu inayosogeza mstari wake wa ulinzi hadi katikati ya uwanja.

Faida ya pili inaonekana kocha akiondoka. Brighton ya Uingereza ilimpoteza Graham Potter kwa Chelsea Septemba 2022, msimu ukiwa umeshaanza. Ikamchukua Roberto De Zerbi, kocha anayependa timu imiliki mpira na ijenge mashambulizi kuanzia nyuma, jambo ambalo kikosi kilikuwa tayari kinaliweza. Msimu ukaisha timu ikiwa ya 6, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ikafuzu mashindano ya Ulaya. Kocha alitafutwa aifae klabu, kwa hiyo kikosi hakikuhitaji kubomolewa.

Tahadhari: karatasi hii isiandikwe na kocha peke yake. Akiondoka ataondoka nayo.

Utajua umefanikiwa pale skauti, kocha wa vijana na kocha mkuu, kila mmoja akiulizwa peke yake, wanapoeleza beki wa kushoto mnayemtaka kwa sifa zilezile.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya kikosi kwa misimu mitatu

Kwa kila nafasi andika watu watatu: anayecheza sasa, anayemsaidia, na anayetarajiwa kumrithi. Fanya hivyo kwa msimu huu, ujao, na unaofuata. Miraba itakayobaki wazi ndiyo orodha yenu ya usajili. Hakuna orodha nyingine.

Angalia mambo mawili hasa. Kwanza, umri: kama safu yote ya ulinzi imezidi miaka 31, itazeeka kwa pamoja na mtalazimika kununua wanne kwa mkupuo. Pili, mikataba: wachezaji sita muhimu wakimaliza mikataba msimu mmoja, mnaingia kwenye mazungumzo mkiwa dhaifu, na mawakala wanalijua hilo kabla yenu.

Kabla ya kujaza mraba kwa mgeni, tazama ndani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mara nyingi winga wenu wa akiba anaweza kuwa mshambuliaji mzuri kuliko yule mnayetaka kumnunua, na tayari anaijua timu. Hatua ya 9 ina mfano wa jambo hilo.

## Hatua ya 3: Tafuta palipo na tofauti kati ya bei na thamani

Hapa ndipo ubora wa kweli unapojengwa, na ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Klabu tajiri inaweza kununua kile ambacho kila mtu anakiona. Nyinyi mkikifuata hichohicho, mtashindwa kwa bei. Inabidi mtafute kile ambacho soko halijakipa bei yake.

Oakland Athletics ya besiboli ya Marekani ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Mwaka 2002, chini ya meneja mkuu Billy Beane, bajeti yake ya mishahara ilikuwa takriban dola milioni 40, wakati New York Yankees ilikuwa na takriban milioni 125. Soko lililipa sana wapigaji wenye nguvu na wakimbiaji wenye umbo la kuvutia. Oakland ikauliza swali jingine: nani anafika kwenye besi (vituo ambavyo mpigaji hukimbilia ili kupata pointi) mara nyingi, hata kama anafika kwa subira ya kuiacha mipira mibovu ipite? Wachezaji wa namna hiyo walikuwa wa bei nafuu. Timu ikashinda mechi 103, zikiwemo 20 mfululizo. Ikatolewa mapema kwenye mtoano, na hilo nalo lina fundisho: njia hii hukuinua katika msimu mrefu, lakini haikupi hakika katika mechi chache za mwisho.

San Antonio Spurs ya mpira wa kikapu ilitazama nje ya Marekani wakati wengi walikuwa bado hawajaamini wachezaji wa huko. Manu Ginóbili wa Argentina alichaguliwa wa 57 kwenye drafti (zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu) ya 1999, akaachwa aendelee kukomaa Italia hadi 2002. Tony Parker alichaguliwa wa 28 mwaka 2001. Wakiwa na Tim Duncan walitwaa ubingwa mwaka 2003, 2005, 2007 na 2014.

Katika soka, makundi ya wachezaji ambao bei yao huwa chini ya uwezo wao ni haya:

Waliong'ara kwenye timu iliyoshuka daraja. Timu ikishuka, watu humwona kila mchezaji wake kama aliyeshindwa. Liverpool ilimchukua Andrew Robertson kutoka Hull City iliyoshuka mwaka 2017 kwa ada ya kuanzia ya pauni milioni 8. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa Ulaya.

Waliokwama kwenye klabu kubwa kwa kukosa dakika. Mohamed Salah alicheza mechi 13 tu za ligi akiwa Chelsea, na jina lake likabeba alama ya kufeli huko Uingereza. Idara ya takwimu ya Liverpool ilitazama alichokifanya Italia ikampendekeza, naye akasajiliwa mwaka 2017. Mechi chache za akiba hazisemi lolote la kuaminika kuhusu mtu.

Wa madaraja ya chini. Leicester City ilimtoa Jamie Vardy kutoka Fleetwood Town, timu iliyokuwa nje ya madaraja manne ya juu, mwaka 2012. Riyad Mahrez alitoka daraja la pili Ufaransa mwaka 2014. Pamoja na N'Golo Kanté aliyetoka Caen mwaka 2015, wakawa mabingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2015/16 wakiwa wamepoteza mechi 3 tu.

Waliozaliwa mwishoni mwa mwaka wa uteuzi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wameonyesha kwamba timu za vijana hujaa watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka unaotumika kuwapanga kwa umri. Wanaonekana bora kwa sababu wamewazidi wenzao miezi kumi ya kukua. Mtoto wa Desemba anayeweza kushindana nao anastahili jicho la pili.

Sasa tahadhari, na ni mbili. Ya kwanza, msimu mmoja wa mabao mengi unaweza kuwa bahati. Tazama idadi na ubora wa nafasi anazozipata mchezaji, kwa kuwa nafasi hurudi kila msimu na bahati hairudi. Ya pili, siri yenu haitadumu. Baada ya Oakland, timu nyingine ziliajiri wataalamu wa takwimu na wale wachezaji wa bei nafuu wakapanda bei. Kila baada ya misimu miwili jiulizeni upya soko linapuuza nini.

Utajua umefanikiwa ukiwa na majina kati ya matano na manane kwa kila mraba ulio wazi, na angalau nusu yake wakala yeyote hajawahi kukutajia.

## Hatua ya 4: Chuja mara tatu kabla ya kusaini

Mchujo wa kwanza ni takwimu. Kazi yake ni kuondoa majina; kuchagua kunakuja baadaye. Kutoka mamia unabaki na makumi.

Mchujo wa pili ni macho. Watu watatu wamtazame mchezaji kwa nyakati tofauti: nyumbani, ugenini, na katika mechi ambayo timu yake inafungwa. Kila mmoja aandike ripoti yake na alama zake kabla ya kuzungumza na wenzake. Mkianza kwa kikao, mwenye sauti kubwa ataamua na wengine watafuata.

Mambo ya kuandika wakati mpira hauko kwake: anafanya nini sekunde tano baada ya kuupoteza? Anamfokea mwenzake aliyekosea au anamsaidia kukaba? Akitolewa nje anakwendaje kwenye benchi?

Mchujo wa tatu ni tabia na mwili. Zungumza na makocha waliomfundisha akiwa kijana, na mtunza vifaa, na mwenzake wa chumba wa zamani. Wakala ana bidhaa ya kuuza, kwa hiyo neno lake halihesabiki hapa. Daktari wenu apate historia yote ya majeraha na awe na haki ya kusema hapana.

Kuhusu kocha mkuu, msimamo wangu ni huu: apewe haki ya kumkataa yeyote aliye kwenye orodha, asipewe haki ya kuingiza jina ambalo halijapita michujo yote mitatu. Kocha ana mechi Jumamosi. Klabu ina miaka mitano mbele yake. Haki hizo mbili zikichanganywa, Jumamosi hushinda kila mara.

Tahadhari: usinunue mchezaji kwa mechi tano za mashindano makubwa. Anacheza kwa ari ya taifa lake, amezungukwa na wenzake anaowazoea, na bei yake siku hiyo iko juu kuliko itakavyowahi kuwa.

## Hatua ya 5: Panga mishahara na mikataba kama silaha

Viongozi hupigania ada ya uhamisho kwa wiki nzima, kisha hukubali mshahara kwa dakika kumi. Ni kinyume. Uchambuzi wa mchumi Stefan Szymanski kuhusu soka ya Uingereza umeonyesha kwamba kwa muda mrefu nafasi ya timu kwenye msimamo hufuatana na jumla ya mishahara yake kuliko fedha za uhamisho inazotumia. Ada inalipwa kwa mchezaji mmoja mara moja. Mshahara unalipwa kila mwezi, na unagusa chumba kizima cha kubadilishia nguo.

Fanya hivi:

1. Weka dari. UEFA imezitaka klabu zilizo kwenye mashindano yake zisitumie zaidi ya asilimia 70 ya mapato kwa mishahara, ada za uhamisho na mawakala. Hata kama kanuni hiyo haikuhusu, ni kipimo kizuri cha usalama.
2. Jenga ngazi. Gawa wachezaji katika madaraja manne au matano ya mishahara, na kila daraja liwe na kima cha chini na cha juu. Mgeni akiruka ngazi, ndani ya mwezi mmoja wenyeji watano watakuwa mlangoni kwako.
3. Lipa kucheza na kushinda. Sehemu ya malipo iende kwenye mechi alizoanza na nafasi ambayo timu inamaliza. Bonasi ya mabao binafsi ikwepe, maana inamfundisha winga kupiga shuti pale alipopaswa kutoa pasi.
4. Amua miaka miwili kabla ya mwisho wa mkataba. Ama anasaini upya, ama anauzwa.

Hiyo ya nne inavunjwa kuliko zote. Tangu hukumu ya mahakama ya Ulaya katika kesi ya mchezaji Bosman, Desemba 1995, mchezaji Ulaya huondoka bure mkataba ukiisha, na kanuni za FIFA zinamruhusu kuzungumza na klabu nyingine ikibaki miezi 6. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Kumbuka pia mipaka ya FIFA: mkataba wa kawaida hauzidi miaka 5, na wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 hauzidi 3. Unapomuuza kijana, omba asilimia ya mauzo yake yajayo. Klabu kubwa huikubali kwa urahisi kuliko kuongeza fedha taslimu, na kwa klabu ndogo asilimia hiyo inaweza kuja kuwa kubwa kuliko ada yenyewe.

## Hatua ya 6: Msimamie mgeni miezi mitatu ya kwanza

Usajili mwingi unafeli nje ya uwanja. Mtu hana nyumba, mke hana wa kuzungumza naye, mtoto hana shule, na yeye haelewi kocha anachosema. Kisha tunasema kiwango kimeshuka.

Mpe mtu mmoja wa klabu kazi ya kushughulikia makazi, shule, benki na lugha. Mkabidhi mgeni kwa mchezaji mwenyeji wa nafasi iliyo karibu na yake, si mpinzani wa namba yake. Kocha amwoneshe kwa video kazi yake mahususi ndani ya wiki ya kwanza.

Hatua hii ni ya gharama ndogo kuliko zote kwenye mwongozo huu.

## Hatua ya 7: Wape vijana njia, na dakika

Akademi isiyotoa wachezaji wa timu ya kwanza ni gharama tu. Kinachotofautisha zinazotoa ni kwamba kijana anaona njia kutoka pale alipo hadi juu.

Barcelona ilifundisha namna moja ya kucheza kuanzia kwa watoto hadi timu kubwa. Mwaka 2010 watatu wa mwisho kwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, yaani Messi, Iniesta na Xavi, wote walikuwa wametoka kwenye akademi yake. Athletic Bilbao inasajili tu wachezaji wenye asili au malezi ya soka ya eneo la Basque, na bado haijawahi kushuka daraja Hispania. Imejinyima soko zima, kwa hiyo imelazimika kuwa hodari wa kulea.

Mambo ya kufanya:

- Acha kiti wazi. Kwa nafasi mbili au tatu kwenye ramani yenu, mchezaji wa tatu awe wa akademi kila mara. Ukimnunulia akiba mwenye miaka 30, umemfungia mlango kijana wa 18.
- Hesabu dakika. Kila mwezi andika dakika za mashindano alizocheza kila kijana. Mazoezi na timu kubwa ni mazuri, lakini hayakomazi kama mechi yenye pointi.
- Mkopo uwe na masharti. Mpeleke kwenye timu inayocheza kwa namna inayofanana na yenu, na uwe na haki ya kumrudisha. Brighton ilimnunua Moisés Caicedo kutoka Ecuador mapema 2021, ikampeleka Beerschot ya Ubelgiji kwa mkopo, ikamrudisha Januari 2022. Mwaka mmoja na nusu baadaye Chelsea ilimnunua kwa ada ya kuanzia ya pauni milioni 100.
- Tunza kumbukumbu za usajili wa vijana. Kwa kanuni za FIFA, asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawiwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Ukimlea kwa misimu sita, kuanzia ule aliotimiza miaka 12, una haki ya asilimia 2. Akiuzwa kwa milioni 10, hizo ni laki mbili. Klabu nyingi hukosa fedha hizi kwa sababu tu hazikumsajili mtoto rasmi.

Tahadhari: FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Usijaribu njia za pembeni. Adhabu ni kufungiwa usajili, na anayeumia zaidi ni mtoto aliyetolewa kwao.

## Hatua ya 8: Hakikisha bora wenu wako uwanjani

Mchezaji aliye hospitali hana faida yoyote, hata angekuwa na kipaji gani. Utafiti wa majeruhi ambao UEFA imeufanya kwa klabu kubwa za Ulaya tangu 2001 umeonyesha kwamba timu zenye majeruhi wachache humaliza juu zaidi kwenye ligi zao. Umeonyesha pia kwamba majeraha ya misuli ya nyuma ya paja yamepanda kutoka asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02 hadi asilimia 24 msimu wa 2021/22. Mechi zimekuwa nyingi na mbio zimekuwa kali.

Anza na vitu visivyo na gharama. Programu ya FIFA ya kupasha misuli iitwayo 11+ huchukua kama dakika 20 na hufanywa angalau mara mbili kwa wiki. Timu zinazoifanya bila kuruka hupunguza majeraha kwa takriban theluthi moja au zaidi. Zinazoifanya wiki moja na kuiacha wiki mbili hazipati kitu.

Kisha pima uzito wa mazoezi. Huhitaji vifaa vya satelaiti. Nusu saa baada ya mazoezi muulize kila mchezaji alivyochoka, kutoka 1 hadi 10, zidisha kwa dakika alizofanya mazoezi, andika. Anayeruka ghafla juu ya wastani wake wa wiki nne apunguziwe kazi.

AC Milan ilianzisha maabara yake, MilanLab, mwaka 2002 kwa lengo hili, na mwaka 2007 ikatwaa ubingwa wa Ulaya Paolo Maldini akiwa nahodha mwenye miaka 38.

Tahadhari: uamuzi wa mchezaji kurudi uwanjani ni wa daktari. Kocha akimshinikiza mara moja, wachezaji wataanza kuficha maumivu, na takwimu zenu zote za majeraha zitakuwa za uongo.

## Hatua ya 9: Uza mapema, mrithi akiwa ameshaandaliwa

Mauzo huumiza mashabiki, na ninaelewa kwa nini. Lakini kwa klabu isiyo tajiri ndiyo yanayolipia hatua zote zilizotangulia. Swali ni kama mnauza mkiwa tayari.

Fuatilia mnyororo wa Brentford. Mwaka 2019 ilimuuza mshambuliaji wake Neal Maupay kwa Brighton. Haikukimbilia sokoni kwa pupa: ilimhamisha Ollie Watkins kutoka pembeni hadi katikati. Watkins, aliyetoka Exeter City ya daraja la nne mwaka 2017, akafunga mabao zaidi ya 20 msimu huo na mwaka 2020 akauzwa kwa Aston Villa kwa pauni milioni 28 za kuanzia. Siku chache kabla ya hapo, Ivan Toney wa Peterborough, daraja la tatu, alikuwa ameshasajiliwa. Toney akafunga mabao 31 ya ligi, na mwaka 2021 Brentford ikapanda Ligi Kuu baada ya miaka 74. Washambuliaji watatu kwa misimu mitatu, na timu ikazidi kupanda.

Leicester nayo inatufundisha upande wa pili. Ilimuuza Kanté kwa Chelsea mara tu baada ya ubingwa na haikuwa na mtu wa kuziba pengo lake. Msimu uliofuata ikamaliza ya 12, na kocha aliyeipa ubingwa, Claudio Ranieri, akafukuzwa kabla msimu haujaisha.

Kwa hiyo, kwa kila mchezaji anayeweza kuuzwa, andika bei ambayo mkipewa mtakubali bila kikao cha dharura, na majina mawili ya warithi ambao mmeshawafuatilia kwa angalau msimu mmoja. Msiuze zaidi ya wachezaji watatu wa kikosi cha kwanza kwa dirisha moja. Baada ya hapo hata mrithi mzuri anaingia kwenye timu isiyojifahamu.

Utajua umefanikiwa siku ofa kubwa inapokuja saa za mwisho za dirisha na hakuna anayepaniki.

## Hatua ya 10: Soma daftari la maamuzi kila mwisho wa msimu

Chukua maamuzi yote ya misimu miwili iliyopita. Kwa kila moja jaza safu tatu: tulitarajia nini, kilitokea nini, na sababu ilikuwa nini. Tenganisha uamuzi mbaya na bahati mbaya. Mchezaji aliyepita michujo yote mitatu kisha akavunjika mguu hakuwa kosa. Aliyesainiwa saa sita usiku kwa sababu shabiki mkubwa alimtaka alikuwa kosa, hata kama amefunga mabao kumi.

Tazama pia ripoti za skauti mmojammoja. Baada ya misimu miwili utaona kwamba mmoja anawajua mabeki vizuri ila hukosea kwa washambuliaji, na mwingine hutoa alama za juu kwa kila mchezaji mrefu. Usimfukuze mtu kwa hilo. Mpe kila mmoja nafasi anazozijua, na alama zake kwenye nafasi nyingine zipewe uzito mdogo.

Kikao hiki kifanyike kabla ramani ya misimu mitatu haijachorwa upya, na kocha, skauti, daktari na mtu wa fedha wote wawemo chumbani.